Kila kifaa na kipande chake, komeni kumzima mlinzi

Nianze na aibu yangu, ndio nikianza kuwachapa msiseme najifanya malaika.

Mwezi wa tatu nilirekodi video kwenye kibanda cha fundi wa simu hapa Masii, yule ninayemsaidia kila Jumamosi. Nilikuwa nimeshika tableti kuukuu ambayo kila mtu alikuwa ameikatia tamaa. Android yake ilikuwa ya zamani mpaka programu zinakataa kuingia. Nikaifuta, nikaiwekea Linux ya kisasa, ikawaka. Skrini iko, Wi-Fi iko, kugusa kuko. Kilichokataa ni kitengo cha kuchakata video. Bila hicho kitengo CPU ndiyo inabeba mzigo wote, tableti inachemka kama sufuria ya muthokoi na betri inaisha kabla ya taarifa ya habari kuisha.

Nikafungua logi. Kerneli ilikuwa inalia: nimezuia mtiririko nisioujua, namba yake ni 0x1400. Halafu kwa ungwana wake ikaongeza ushauri, kwamba nikitaka mtiririko huo upite niwashe mashine na arm-smmu.disable_bypass=0, lakini nijue huenda kuna athari za kiusalama. Mimi nikasoma nusu ya kwanza nikaruka ya pili. Nikaongeza mstari, nikawasha upya, video ikacheza bila kukwama hata mara moja. Nilipiga kelele mpaka mama wa mboga akaja kuchungulia. Nikawaambia kwa kamera, "Wasee, ni mstari mmoja tu!"

Mliipenda sana ile video. Imeniletea wafuasi kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kutengeneza, na leo naifuta.

Nimeshajua mtakavyosema. Si ilifanya kazi? Ndiyo, ilifanya kazi. Hapo ndipo shida yenyewe iko, na hapo ndipo nataka tugombane.

Ile tableti ni ya mwaitu. Mamangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama 23. Ndani yake kuna jina la kila mmoja, namba ya kitambulisho, namba ya simu, mkopo aliochukua, na nani alimdhamini. Aliniomba vitu viwili pekee: daftari la chama lisipotee, na aweze kuangalia video za ufugaji wa kuku jioni bila tableti kumchoma mapaja. Nilimpa la pili kwa kuhatarisha la kwanza, na sikumwambia, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua.

Aliyenistua ni dada mmoja anayefanya kazi ya mifumo midogo Nairobi. Alitazama video yangu akaniandikia swali moja: "Huo mlango umemfungulia nani?" Nikamjibu kwa kiburi, nimekifungulia kitengo cha video. Akaniambia, "Soma tena. Umemfungulia kila mtu asiye kwenye orodha."

Turudi nyuma kidogo, na wale mnaojua haya mnivumilie.

Programu ikitaka kusoma memori haipewi anwani halisi. Inapewa anwani ya kubuni, halafu kuna kitengo ndani ya CPU, MMU, kinachotafsiri ile ya kubuni kuwa ya kweli. Ndiyo maana programu ya tochi haiwezi kuchungulia memori ya programu ya benki. Haina anwani ya kufikia huko, kwake hiyo sehemu ni kama haipo duniani. Hii watu wengi wanaijua, hata kama hawajui jina lake.

Wasichojua ni kwamba memori haiguswi na CPU peke yake. Kamera inaandika memori. Wi-Fi inaandika memori. Kadi ya memori, skrini, kitengo cha video, modemu inayoongea na mlingoti, vyote vina uwezo wa kuchota na kumwaga moja kwa moja bila kumsumbua CPU. Inaitwa DMA, na bila DMA simu yako ingekuwa polepole kama foleni ya kliniki siku ya Jumatatu. Draiva (na sisemi wa matatu) inakiambia kifaa: chukua picha, anza kuiweka kwenye anwani hii, ukimaliza niite. Kisha inaondoka ikaendelee na mambo mengine.

Sasa nani anahakikisha kifaa kimeandika pale kilipoambiwa na si kwingine?

Hapo ndipo mlinzi anaingia. Kwa jumla anaitwa IOMMU. Intel wanamwita VT-d, na kwenye chipu za ARM, ambazo ndizo ziko kwenye karibu kila simu mnayosomea hapa, anaitwa SMMU. Amekaa getini kati ya vifaa na memori. Kila ombi likifika anauliza maswali mawili: wewe ni nani, na umeruhusiwa kufika wapi? Jibu la swali la kwanza ni namba ambayo chipu yenyewe inaibandika kwa kila ombi. Kwa ARM inaitwa kitambulisho cha mtiririko. Mimi nakiita kipande, kwa sababu huku kwetu mtu akiulizwa ID anaulizwa "kipande kiko wapi?" Mlinzi anachukua ile namba, anaangalia kwa jedwali, anakuta ramani ya kifaa hicho: kurasa hizi unaweza kusoma, hizi unaweza kuandika, zingine hazikuhusu. Ukigusa nje ya ramani anakukatalia na kumpigia kerneli ripoti.

Kwa kompyuta ya mezani hiyo namba inatokana na mahali kadi ilipochomekwa. Biti 16: nane za basi, tano za kifaa, tatu za kazi ndani ya kifaa. Kerneli inazunguka yenyewe inavitafuta vyote. Na hata huko kuna visanga. Kuna vidhibiti vya diski vya Marvell ambavyo vimeketi kwenye kazi namba 0 lakini vikituma maombi vinajitambulisha kama kazi namba 1, ambayo haipo kabisa. Mtu anajiita kwa jina la ndugu ambaye hajazaliwa! Linux imebidi iwe na orodha ya waongo kama hao, imeandikwa kwa mkono, ili mlinzi asiwafungie nje.

Lakini kwa simu na tableti hakuna kuzunguka na kutafuta. Kerneli haiwezi kukisia. Lazima binadamu aandike kwenye faili inayoitwa mti wa vifaa: kitengo cha video kiko anwani hii, kinatumia umeme huu, saa hii, na kipande chake mbele ya SMMU ni namba hii. Sifa yenyewe inaitwa iommus. Ni mstari mmoja. Ukiuandika vizuri, draiva ikiomba bafa, kerneli inamjazia mlinzi ramani ya kurasa hizo na hizo pekee. Usipouandika, mlinzi hamjui huyo mtu.

Na mtu asiyejulikana afanywe nini? Kwa miaka mingi Linux ilikuwa inamwacha apite hivihivi, bila kutafsiriwa, mpaka kwa memori halisi. Mwaka 2019, kwenye toleo la 5.2, wakabadilisha: asiyejulikana azuiwe. Waliobadilisha walijua fika kwamba kuna mashine za watu zitakataa kufanya kazi. Wakasema potelea mbali, kama mashine yako ilikuwa inafanya kazi kwa sababu geti lilikuwa wazi, basi ilikuwa imeharibika tangu mwanzo. Ule mstari nilioufurahia kwenye video yangu unarudisha mambo yalivyokuwa kabla ya 2019. Haumpi ruhusa 0x1400. Unamwambia mlinzi kwamba yeyote asiye na jina kwenye orodha apite na asiulizwe.

Sasa nisikie ile hoja yenu ya pili. "Bro, nani atakuja Mwala kuhack chama cha kina mama?"

Mwaka 2017 Gal Beniamini, mtafiti wa Project Zero ya Google, alionyesha kitu. Alianza na chipu ya Wi-Fi ya Broadcom, iliyokuwa kwenye simu nyingi za bei ghali za wakati huo. Akaiteka kwa hewani tu, bila mwenye simu kubonyeza kitu. Chipu ya Wi-Fi ni kompyuta ndogo yenye programu yake, na ile programu ilikuwa na dosari. Halafu akauliza: nikiwa ndani ya hii chipu, naweza kufika wapi? Akakuta njia ya kwenda kwenye memori ya simu nzima haikuwa imewekewa mlinzi. Chipu ya Wi-Fi ingeweza kusoma na kuandika memori ya kerneli kupitia DMA. Google, Broadcom, wahandisi wa mishahara minono, na geti lilikuwa wazi. Wewe na mimi na kibanda cha mabati tunasema "nani atakuja Mwala".

Na hata tumtoe mwizi kwa hadithi. Tuseme dunia nzima ni watu waaminifu. Bado mlinzi anahitajika, na hili ndilo lililonitoa jasho.

Nilipoutoa ule mstari na kuandika iommus vizuri, nilitegemea kimya. Badala yake mlinzi akaanza kupiga kelele: kitengo cha video kinaandika nje ya bafa yake. Mimi? Nikakataa. Nikakaa siku mbili nikilaumu chipu. Siku ya tatu nikapiga hesabu kwa karatasi. Video za mwaitu ni za mistari 720. Kwenye draiva niliyoirekebisha mwenyewe, nilitenga memori ya mistari 720 kamili: 1280 mara 720 mara moja na nusu, baiti 1,382,400. Lakini hicho kitengo hakikubali 720. Kinataka idadi inayogawanyika kwa 32, kwa hiyo kinapandisha mpaka 736, na picha inakuwa baiti 1,413,120. Tofauti ni baiti 30,720. Kila picha, mara thelathini kwa sekunde, kifaa kilikuwa kinamwaga baiti 30,720 nje ya mpaka, kwenye memori ya mtu mwingine yeyote aliyekuwa jirani.

Ile wiki geti lilipokuwa wazi, dalili zilikuwepo. Rangi zilikuwa zimeteleza kidogo, kama shati lililofungwa vifungo vibaya. Nikasema ni skrini kuukuu. Tableti iliganda mara mbili. Nikasema ni betri. Daftari la chama halikuharibika, na siwezi kujisifu kwa hilo, ilikuwa bahati tu. Hakuna mwizi hapo. Kulikuwa na mimi na hesabu yangu mbovu, pamoja na mlinzi niliyekuwa nimemfunga mdomo.

Kwa hiyo ukiniambia "bora inafanya kazi", nakuuliza inafanyia nani kazi, na kwenye memori ya nani?

Sitawadanganya kwamba mlinzi ni muujiza. Mwaka 2019 watafiti wa Cambridge na wenzao walitoa kazi inayoitwa Thunderclap, wakaonyesha kifaa kibaya kinachochomekwa kwa Thunderbolt kinaweza kuiba hata IOMMU ikiwa imewashwa, kwa sababu mifumo ya uendeshaji ilikuwa inaitumia ovyo, inafungulia kifaa zaidi ya kinachohitaji. Mlinzi hupima kwa ukurasa, mara nyingi baiti 4,096, hajui kuna nini kingine ndani ya ukurasa huo. Kwa hiyo hata kuandika kipande si mwisho wa kazi. Lakini mtu akiniambia "kufuli inaweza kuvunjwa, kwa hiyo acha mlango wazi", huyo namwachia mbuzi wake mwenyewe walinde.

Sasa niwageukie wakubwa, maana mpaka hapa nimepiga wadogo wenzangu tu.

Ile namba 0x1400 niliijua kwa sababu kerneli ilinitajia ilipoikataa. Lakini kitengo kimoja kinaweza kuwa na vipande kadhaa: kimoja cha kusoma video iliyobanwa, kingine cha kuandika picha, kingine cha programu yake ya ndani. Orodha kamili anayo aliyetengeneza chipu na aliyetengeneza tableti. Kerneli ni Linux, na Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2. Leseni hiyo inasema wazi: ukigawa programu hii kwa watu, uwape na msimbo wake, au uwape ahadi ya maandishi, ya angalau miaka mitatu, kwamba wakiomba watapata. Aliyetengeneza hii tableti niliandikia barua pepe mara nne. Kimya. Kwenye boksi hakuna ahadi, kwenye tovuti hakuna msimbo.

Ikabidi nifanye kama mwizi kwenye nyumba ya mamangu. Nikachukua taswira ya kuwashia ya ile Android ya zamani, nikachomoa mti wa vifaa uliokuwa umeshafungwa kuwa namba tupu, nikaurudisha kuwa maandishi kwa programu inayoitwa dtc. Nikaikuta: 0x1400, na maski 0x60. Maski inamwambia mlinzi ni biti zipi asijali. Kwa 0x60 anaacha biti mbili, kwa hiyo wanaoruhusiwa ni wanne: 0x1400, 0x1420, 0x1440 na 0x1460. Wanne. Mimi kabla ya hapo, kwa kuchoka, nilikuwa nimejaribu maski 0x7f, nikasema itameza wote nipumzike. Ingemeza 128. Watu 128 kutumia ramani ya mmoja, na hakuna hata mmoja ningejua ni nani. Ndiyo ile karani anaandika "na wengineo" kwenye orodha ya chakula cha msaada, halafu magunia yanaisha kabla hujafika mbele.

Namba nne. Ziliniibia wiki tatu za jioni. Kuna mhandisi mahali fulani aliyezijua kwa moyo, na kampuni iliyoziona ni siri kuliko usalama wa mwenye tableti. Nani anaumia? Kila mtu anayenunua kifaa kuukuu kwa sababu kipya hakiwezekani. Yaani sisi. Tableti inakufa kabla ya siku zake kwa sababu hakuna anayeweza kuipa kerneli mpya, na anayejaribu analazimishwa kuchagua: ifanye kazi, au iwe salama.

Na msiniambie hii ni mambo ya mbali. Mwaka 2023, mwezi wa kumi, Rais Ruto alizindua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, ndani ya kaunti yetu hii ya Machakos. Neon Smarta kwa shilingi 7,499, Neon Ultra kwa 8,999. Nilifurahi, na bado nafurahi: watu wetu wana kazi pale, na shosho anaweza kupata simu ya 4G. Lakini kuunganisha ni kuchukua vipande vilivyokuja na meli ukavifunga kwa skrubu. Mti wa vifaa wa hizo simu uliandikwa wapi? Na nani? Sisemi mtu yeyote amekosea, sijawahi kushika msimbo wa hizo simu na sitasingizia mtu. Nasema ni nani kati yetu, kaunti nzima, ameshawahi kuuliza. Wanasiasa walipiga picha na boksi. Wanablogu wakapiga picha na boksi. Mimi pia nilitamani boksi.

Hapa Mwala tunajua tofauti. Nenda Wamunyu. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na ujuzi wa kuchonga alioupata huko, na kutoka kwake ikaenea mpaka vinyago vya Wakamba vikajaa Mombasa na Nairobi na ng'ambo. Hakurudi na gunia la vinyago vya kuuza. Alirudi na mkono unaojua. Kama angerudi na gunia lingeisha mwaka huohuo, na leo Wamunyu ingekuwa kituo cha kununua chai kwenye barabara ya Kitui.

Hapo sasa kuna wale wajanja watakaonirukia na neno langu mwenyewe. "Wewe si ndiye ulikuwa unapiga kelele juu ya IMEI? Leo unataka kila kifaa kipewe kipande?"

Ndiyo, ni mimi, na sijarudi nyuma. Serikali ilipotangaza kwamba kuanzia Januari 2025 waingizaji wa simu watoe namba za IMEI, nilipinga. Katiba Institute wakaenda kortini, Mahakama Kuu ikasimamisha, na nilishangilia. IMEI ni namba 15 inayotoka nje ya simu, inaongea na mlingoti, inaweza kufungwa kwa jina lako na mahali ulipo. Ni kama kile kipande cha zamani, cha sheria ya mkoloni ya 1915, kilichotundikwa shingoni mwa mababu zetu kwenye kikopo cha chuma ili bwana mkubwa ajue nani ametoroka shamba. Kipande hicho kilimtumikia aliye juu.

Hiki ninachokipigania hakitoki nje ya chipu. Hakuna mlingoti unaokiona, hakuna ofisi inayokisajili. Ni kamera inayoulizwa maswali ndani ya nyumba yako na mlinzi wako. Binadamu ana haki ya kutembea bila kuulizwa anaenda wapi. Kamera haina. Modemu haina. Kichekesho ni kwamba tumejenga dunia iliyogeuza hivyo kichwa chini: mtu anaulizwa kipande kila kona, halafu chipu ya Wi-Fi inapita getini ikipiga mluzi.

Kwa hiyo nataka nini? Nataka kaunti inaponunua tableti au kompyuta kwa pesa zetu, iwe za shule, za zahanati au za makarani, kandarasi iseme: hakuna msimbo wa kerneli na mti wa vifaa, hakuna malipo. Hili halihitaji sheria mpya, leseni ya kuwabana ipo tayari, kinachokosekana ni karani mmoja anayejua kuuliza. Nataka vyuo vyetu vya ufundi viache kufundisha kompyuta kama kozi ya kuchapa barua. Kijana anayeweza kuchomoa chipu kwa hewa moto na kuirudisha anaweza kusoma mti wa vifaa. Nimeona kwa macho: fundi wangu hapa, ambaye hakumaliza sekondari, nilimweleza maski kwa dakika kumi kwa kutumia swichi za ukutani, na yeye ndiye aliyenionyesha kwamba 0x7f ni uvivu. Na nataka sisi wenye kamera na wafuasi tuache kuuza "mstari mmoja tu". Kama kerneli imeandika onyo, lisome mpaka mwisho mbele ya watazamaji wako. Hiyo sekunde tano haitakuua.

Kuna anayecheka nikiandika haya kwa Kiswahili. Ati ingekuwa bora Kiingereza, ndio "watu wa maana" wasome. Watu wa maana hawakunijibu barua nne za Kiingereza.

Video ya zamani naifuta usiku huu, nitaweka mpya ikiwa na namba zote nne na hesabu ya 736. Mwaitu nimemweleza. Alinisikiliza akichambua maharagwe, akaniuliza swali moja tu, kama majina ya wale wanawake yalitoka. Nikamwambia sioni dalili. Akasema, "Huoni dalili, ama hayakutoka?" Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo. Jumapili aliwaambia wenzake chamani, wawili wakaomba daftari lirudi kwa kitabu, na kwa sasa limerudi kwa kitabu.

Video zinacheza. Kamera ya mbele bado imekufa. Mlinzi anakataa kipande chake, 0x820, na kwenye ule mti wa zamani niliochomoa namba hiyo haipo popote, kwa hiyo sijui ni ya kamera peke yake au inashirikiwa na kitu kingine. Nimebandika gundi ya karatasi juu ya lenzi na kuandika tarehe. Kama kuna anayeijua hiyo chipu, anitafute.